Injini Mpya, Breki za Zamani

Nyuma ya jiko la kukhu, hapa Ekero, kuna bloku ya injini iliyolala nyasini tangu mwaka 2018. Asubuhi kuku huota jua juu yake. Watoto wa boma huikalia wakitafuna miwa. Wanunuzi wa skrepa huja kuiulizia, na kukhu huwafukuza kila mara. Anasema kitu kilichokula pesa za shule hakiwezi kuondoka hapa kwa bei ya kilo.

Ni injini ya Bedford MK, lori la jeshi la Uingereza: silinda 6, lita 5.4. Mimi naijua kwa jina lingine, karo ya mwaka wa tatu. Nilikuwa chuo kikuu nasomea historia, na sikumaliza. Kwa hivyo insha hii ichukuliwe kama ile tasnifu ambayo sikuiandika, ila mada yake ni lori.

Lori lenyewe lilikuwa la khotsa, ndugu yake mama. Alilinunua mwaka 2017 kwa mtu aliyekuwa amelipata mnadani. Lilikuwa refu, magurudumu yote manne yanavuta, limepakwa rangi ya samawati, na ukikwangua kidogo tu kwa ukucha unakuta kijani ya jeshi chini yake. Bei yake ilikuwa kama theluthi ya bei ya Isuzu ya umri wa kati. Khotsa alifurahi sana. Sisi wote tulifurahi. Kubeba miwa ndiyo kazi ya huku, na mwenye lori ana heshima yake.

Swali ambalo hatukuuliza ni hili: mbona rahisi hivyo?

Jibu nililipata baadaye, na ndilo limenifanya niandike. Kila gari ni jibu la swali la mtu fulani. Bedford MK, iliyoanza kuundwa karibu mwaka 1970, ilijibu swali la jeshi: tani 4 zitafikaje mahali pasipo na barabara, kwenye matope, zikiendeshwa na kijana wa miaka 19 ambaye hajui kesho atapata mafuta gani? Ndiyo maana injini yake iliundwa ili iweze kutumia zaidi ya aina moja ya mafuta. Farasi wake walikuwa karibu 100 tu, na mwendo wake wa mwisho kilomita 70 na kitu kwa saa. Kwa jeshi hiyo si kasoro. Msafara wa jeshi haukimbizani na mtu, na mafuta hulipiwa na serikali.

Swali la khotsa lilikuwa tofauti kabisa. Tani 8 za miwa, lami, foleni ya mizani ambapo anayewahi ndiye anayerudi mara ya pili, na dizeli ya kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Tukiwa tumepakia, tukipanda kutoka mto Nzoia, wenye baiskeli walitupita wakitusalimia. Mmoja aliwahi kumuuliza khotsa kama angependa kusukumwa.

Basi khotsa akaamua kubadilisha injini.

Kabla sijafika huko, niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana uamuzi huo haukuanza na yeye. Sehemu hizi zimeishi kwa kujibu maswali ya uchukuzi ya watu wengine kwa zaidi ya miaka 130.

Karne ya 19, misafara kutoka pwani ilifika kwa Nabongo wa Wanga ikitafuta pembe za ndovu na chakula cha njiani. Ndiyo sababu Mumias ina misikiti ya zamani na Kiswahili ambacho hakikuja na shule. Miaka ya 1890, enzi za Nabongo Mumia, Waingereza nao wakaweka kituo chao hapa, kwa kuwa hapa ndipo njia ya kwenda Uganda ilipopitia. Kisha reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na njia ikatuacha. Mwaka 1920 hata makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Mji uliokua kwa sababu ya njia ukabaki kando ya njia.

Katikati ya hapo kulikuwa na vita vya kwanza vya dunia. Jeshi la Uingereza lilikuwa likimfukuza von Lettow-Vorbeck kusini, barabara hazikuwepo, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kuvuta mizigo. Malori machache yaliyokuwepo yalizama kwenye matope ya mvua. Basi wakachukuliwa watu, na Nyanza, ambayo wakati huo ilijumuisha huku kwetu, ilitoa wengi sana. Mwili wa mtu ndio uliokuwa injini, na mafuta yake unga. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebeba jina la kikosi chao mpaka leo, na wengi wetu tunashuka kwenye matatu pale bila kujua tumetaja nini.

Vita vya pili vilipokuja, jeshi lilikuwa limejifunza. Mwaka 1941 safari ya kutoka Kenya kupitia Somalia hadi Addis Ababa ilikwenda kwa malori. Vijana wa Kiafrika walifundishwa udereva na umakanika kwa maelfu, katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki, na baadaye wengine wakapelekwa hadi Burma. Baba yake kukhu alikuwa mmoja wao. Huku kwetu watu waliwaita wote Keya, awe wa bunduki au wa usukani.

Alirudi na koti, na ujuzi wa kuwasha injini kwa handeli bila kuvunjwa kifundo cha mkono. Wazee wa gereji hueleza kwamba hata jina la tanboi lilitoka hapo, yule kijana wa kuzungusha handeli mbele ya lori. Lori lake mwenyewe hakuwahi kupata. Aliendesha la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, na kukhu anakumbuka jambo moja tu kuhusu lori hilo: rangi nyekundu iliyobanduka, na kijani chini yake.

Baada ya 1945 Uingereza ilikuwa na malori kuliko kazi za kuyapa. Bedford QL peke yake, lori la tani 3 lililoanza kuundwa 1941, yaliundwa zaidi ya 50,000. Kulikuwa pia na maelfu kwa maelfu ya Ford na Chevrolet yaliyoundwa Kanada kwa ajili ya majeshi ya himaya. Yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Karibu yote yalikuwa ya petroli, na petroli ndiyo iliyommaliza raia aliyeyanunua.

Hapo ndipo biashara ya kubadilisha injini ilipopata nguvu. Frank Perkins alikuwa ameanzisha kampuni yake mjini Peterborough mwaka 1932, akitafuta dizeli nyepesi, yenye mwendo, inayoweza kuingia mahali pa injini ya petroli. P6 yake, silinda 6 na lita 4.7, ilikuwa tayari kabla ya vita. Baada ya vita ikawa ndiyo dawa ya malori ya petroli: unatoa injini ya zamani, unaweka Perkins, na lori lililokuwa linakufilisi linaanza kukulipa. Hata Bedford wenyewe waliuza malori yenye injini za Perkins kabla ya kutoa dizeli yao mwaka 1957.

Dizeli haina cheche. Hubana hewa mpaka inakuwa moto, kisha mafuta yanapopuliziwa ndani yanawaka yenyewe. Kwa kazi ileile inakula kidogo kuliko petroli, na inavuta vizuri ikiwa inazunguka polepole. Lakini ni nzito zaidi, na ina jambo moja ambalo makanika wa kale walilijua kwa uchungu. Malori mengi ya petroli yalisaidia breki kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini yenyewe. Dizeli haina mvuto huo. Ukiiweka bila pampu yake maalum, siku ya kwanza ya mteremko pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Yaani umebadilisha injini, kumbe umegusa breki.

Weka hilo akilini, nitalirudia.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka, serikali ya Uingereza nayo ilijaribu kufanya kwa ukubwa kile makanika alichokuwa akifanya chini ya mwembe. Mwaka 1947 ilianzisha mpango wa karanga Tanganyika, makao yake Kongwa. Mashine mpya hazikupatikana, kwa hivyo matrekta ya ziada ya jeshi yalinunuliwa mpaka Ufilipino, mengi yakafika yakiwa hoi. Kampuni ya Vickers ilichukua sehemu za vifaru vya Sherman ikaunda trekta lililoitwa Shervick. Kifaru kikawa jembe. Ni wazo zuri ukilisikia mara ya kwanza.

Lakini nguvu ya kifaru ilifika Kongwa ikakuta mambo ambayo injini haiyatatui: mizizi ya vichaka iliyokataa kung'oka, udongo ambao kiangazi hukauka ukawa kama saruji, mvua isiyotabirika, spea zisizokuwepo, na mafundi wachache mno. Mapema 1951 mpango ukafungwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Kila nguvu iliyoongezwa ilienda ikatafuta penye udhaifu.

Sisi huku hatukuwa na vifaru. Tulikuwa na miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa 1971, na kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973, mwaka uleule bei ya mafuta duniani ilianza kupanda mpaka ikawa karibu mara nne. Lori la petroli lililokuwa linapumua kwa shida likakata roho. Kuanzia hapo, ukitaka kubeba miwa, ni dizeli au ng'ombe.

Na dizeli ya aina gani? Ile ambayo spea zake ziko karibu. Hii ndiyo sheria ya kwanza ya fundi yeyote wa huku, na haimo kwenye kitabu. Kiwanda cha General Motors cha Nairobi, kilichoanza kuunganisha magari mwaka 1977, kiliunganisha Bedford na pia Isuzu. Bedford ikazeeka, Isuzu ikabaki, na mwaka 2017 kampuni yenyewe ikawa Isuzu East Africa. Kwa hiyo mtu anapotoa injini ya Bedford na kuweka ya Isuzu kwenye ua wake, anarudia kwa mikono kitu ambacho kiwanda kilifanya kwa miaka.

Khotsa aliichagua 6BD1. Lita 5.8, silinda 6, farasi karibu 160. Ilitoka kwenye lori lililopata ajali. Shida ikawa pesa.

Nilikuwa nyumbani likizo. Mama alikuwa na pesa za muhula wangu. Khotsa alikuja jioni, akakunywa chai, akazungumza habari za mvua, kisha akanigeukia mimi.

"Mwiwa wangu, wewe ndiwe uliyesoma. Nipigie hesabu."

Nikapiga. Nina daftari hilo mpaka leo. Safari 2 kwa siku zingekuwa 3. Lita kwa kila safari zingepungua, kwa sababu injini isiyolemewa haikanyagwi mpaka mwisho. Ndani ya miezi 8 karo ingerudi, na faida juu. Mama aliniangalia, akauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Kwa hivyo msomaji asidhani nilinyang'anywa kitu. Mimi ndiye niliyeandika ile hesabu. Ilikuwa na safu ya mafuta, safu ya safari, safu ya tairi. Haikuwa na safu ya breki.

Kazi ilichukua siku 19. Wanaodhani kubadilisha injini ni kutoa moja na kuingiza nyingine wangekuja kuangalia. Kwanza, ekseli ya mbele ya lori la magurudumu manne hupita chini ya injini, na karata ya oili ya Isuzu ilikuwa inaigonga. Fundi akaikata, akaichomelea upya ikiwa na umbo lingine. Kisha vishikizo vya injini, vilivyochongwa kutoka bamba nene la chuma. Gia boksi akaweka ya Isuzu yenyewe, halafu akaiunganisha kwa propela fupi na lile boksi la Bedford linalogawa nguvu mbele na nyuma. Propela hiyo ilikatwa na kuchomelewa mara mbili, maana ya kwanza ilitetemeka mpaka vioo vikaimba. Rejeta ikaongezwa. Siku ya 19 ikawaka. Moshi mweusi, halafu mweupe, halafu ikatulia. Watoto walipiga makofi.

Na lilipanda! Ule mlima wa Nzoia ambao tulikuwa tunaukwea kwa gia ya kwanza tukimwomba Mungu, sasa lilikuwa linaupanda likiongea. Wiki ya kwanza khotsa alipiga safari 3 kila siku, kama nilivyoandika.

Mwezi wa pili hafushafti ya nyuma ikakatika. Tukanunua nyingine. Ikakatika upande wa pili. Fundi akasema, sasa limekaa sawa. Leo nikiangalia nyuma naona lori lilikuwa linatuambia jambo, kwa lugha ya chuma. Zile shafti zilikuwa zimejibu swali la tani 4 na farasi 100. Tulikuwa tumebadilisha swali zima na kubadilisha jibu moja.

Breki za Bedford MK ni za mafuta zikisaidiwa na upepo. Upepo huo hutoka kwenye kompresa inayozungushwa na injini. Injini ya Isuzu tuliyonunua ilitoka kwenye gari la breki za aina nyingine, ikawa na pampu ndogo tu ya mvuto nyuma ya oltaneta. Fundi alilijua hilo. Alitafuta kompresa, akaiwekea kishikizo kando ya injini, ikavutwa kwa mkanda mmoja. Ilifanya kazi vizuri. Mkanda mmoja.

Februari 2019, alasiri, lori likiwa na zaidi ya tani 8, mkanda huo ulikatika kabla ya mteremko wa mto. Hakuna aliyesikia, kwa kuwa injini kubwa ina kelele kubwa. Upepo uliobaki kwenye tangi ulitosha kukanyaga mara chache. Baada ya hapo ukabaki mguu wa khotsa peke yake, dhidi ya tani 8 na breki za tani 4. Na tazama: kwa injini ya zamani lori lisingefika juu ya mteremko ule kwa kasi ile hata kama lingetaka. Kasi nayo tuliinunua, kwa pesa za muhula.

Khotsa alijaribu kurudisha gia, ikakataa. Akalitoa lori barabarani, akaliingiza kwenye shamba la miwa, na miwa ndiyo iliyolisimamisha. Yeye alitoka na michubuko. Tanboi alikuwa ameketi juu ya mzigo, kama tanboi wote wa huku. Alirushwa, na mzigo ukamfuata. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti. Tulisoma naye darasa moja tangu la kwanza hadi la nane.

Pesa zilizokuwa zimeanza kurudi zilikwenda hospitalini, na zilizokuwa hazijarudi hazikurudi. Septemba wenzangu walipofungua muhula, mimi nilikuwa Ekero. Hakuna aliyenifukuza chuo. Sikuenda tu.

Lori lipo. Kompresa sasa ina mikanda miwili, na kuna kipimo cha upepo mbele ya dereva chenye taa nyekundu. Breki zote zilifumuliwa na kuundwa upya. Liliwahi kupelekwa kukaguliwa, na namba ya injini kwenye logbuku ikabadilishwa kuwa ya Isuzu. Khotsa habebi zaidi ya tani 5. Safari ni 2 kwa siku, zilezile za mwanzo. Ukipiga hesabu vizuri, faida ya kubadilisha injini ni dizeli kidogo na aibu ya baiskeli iliyoisha.

Nikisoma historia ya malori haya sioni ujinga wa watu wetu. Naona watu waliopewa kila mara jibu la mtu mwingine, kwa bei rahisi, wakalikata na kulichomelea mpaka lifanane na swali lao. Aliyeweka Perkins kwenye lori la petroli alifanya hivyo, na fundi wetu pia. Kosa letu lilikuwa kusimamisha kazi pale injini ilipowaka, kwa kuwa hapo ndipo makofi yanapopigwa. Hakuna mtu hupigia breki makofi.

Yule tanboi sasa ana kibanda cha kutengeneza simu hapa Ekero. Kabla ya kuandika haya nilienda kumwomba ruhusa. Nilikaa kwenye benchi lake nikamsomea yote, hata sehemu ya mguu. Alisikiliza huku akifungua skrubu za simu ya mteja, hakuinua kichwa. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo.

"Sawa, andika," akasema. "Lakini uandike pia kwamba ule mlima lilikuwa linaupanda vizuri."